Mume Uliyenirudishia Siye

Kwa Nahodha,
Meli ya uvuvi ya bluu iliyochubuka rangi,
Gati Namba Tatu.

Mheshimiwa Nahodha,

YAH: KUREJESHEWA MUME WANGU WA AWALI

Salamu nyingi, na pole kwa kazi za bahari. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa tunaye mtu wako, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Mwanzoni mwa kiangazi nilikukabidhi mume mmoja. Hakuwa mume wa kujivunia mbele za watu, lakini nilikuwa nimemzoea. Alilala mpaka jua limwingie jichoni, aliacha soksi popote alipozivulia, na kwa miaka kumi na moja hakusikia neno langu lolote ila "chakula tayari". Kwa chakula hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Baada ya miezi minne umenirudishia mtu mwenye sura ileile, viganja vigumu kama soli ya kiatu, na tabia ambazo sikuziagiza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anashika zamu. Mimi ni fundi cherehani, na sebule yetu ndiyo chumba changu cha kazi. Wiki aliyorudi, nikiwa katikati ya gauni la bibi harusi, alinigusa bega akaniambia zamu yangu imekwisha, nikalale. Ilikuwa saa nane mchana. Nililala, hilo nakiri. Nilipoamka nilikuta ameumaliza upindo wa gauni kwa mkono, kwa fundo lile mnalounganishia nyavu zenu. Nililia. Bibi harusi alicheza na gauni lile sherehe nzima na halikuachia hata uzi. Sasa wateja wanne wameleta vitambaa wakitaka "mshono wa baba", na wakifika mlangoni wanamuulizia yeye.

2. Anafunga vitu kamba. Birika limefungwa kwenye jiko, viti vimefungwa kwenye meza, na rafu ya vikombe ameipigilia ubao kwa mbele ili visidondoke siku ya mawimbi. Sisi tunakaa ghorofa ya pili, Nahodha. Tangu jengo hili lijengwe halijayumba. Mama mkwe wangu, mwanamke mwenye heshima zake, alitaka kusogeza kiti dirishani apate hewa, akaondoka na meza pamoja na chai ya watu.

3. Anasikia. Nimeambiwa kwamba kwenu amri ikitolewa lazima mwenye kupewa airudie kwa sauti, kisha aitekeleze. Nikitaja chumvi, ananijibu, "Chumvi, naleta," na kweli analeta. Utasema hiyo ni heri. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Ndoa yangu niliijenga juu ya kutosikilizwa: nilisema nilichotaka, moyo ukapoa, na hakuna kilichovunjika. Juzi nilibanwa kidole na kabati la vyombo, urithi kutoka kwa mama yangu mzazi, nikasema kwa hasira kwamba kabati hili litupwe. "Kabati, natupa." Nilipogeuka lilikuwa limeshapita dirishani. Hakuna aliyeumia, ila mwenye nyumba anakaa chini na alipanda kuja kuuliza, akiwa na mlango mmoja wa kabati mkononi. Hivyo ndivyo alivyoingia katika lalamiko la nne.

4. Anatuhesabu. Kila jioni kabla ya kufunga mlango husimama pale akaita, na kila mtu sharti aitike "Nipo": mimi, binti yetu, mama mkwe, kisha anajitaja mwenyewe. Wanne. Mlango haufungwi mpaka watimie. Mama mkwe aligoma siku tatu. Alisema hawezi kuitwa kama mwanafunzi na mtu aliyemzaa mwenyewe. Kwa siku tatu tuliliwa na mbu sote, yeye zaidi, kisha akaitika. Jioni ya kabati hesabu ilitoka watano. Akarudia, ikatoka watano tena, na hakukubali mtu atoke mpaka ijulikane huyo mmoja ameongezekea wapi. Mzee wa watu mwenye nyumba aliitika "Nipo" huku ameukumbatia mlango wa kabati, na tangu siku hiyo akituona ngazini anapita ukutani.

5. Hili si la mume wangu, ni lako. Nilimuuliza kwa nini anatuhesabu, akasema ni mazoea tu. Wiki iliyopita alikuja mwenzake mmoja, yule mnayemwita Kijiko. Akala, akashiba, na mume wangu alipokwenda kuosha vyombo (ilikuwa zamu yake) Kijiko akafungua mdomo. Akanieleza siku ile ya mwezi wa pili wa msimu, bahari ilipochafuka: mlivuta wavu, mkafunga mlango, mkaketi kula mkidhani mko wote. Mpishi akaona sahani moja haina mwenyewe. Akasema, "Huyu hachelewi chakula." Mkageuza meli. Mlimkuta baada ya saa nzima, ameng'ang'ania boya. Kijiko anasema kabla ya hapo hamkuwa mkihesabiana, na tangu siku hiyo wewe mwenyewe husimama mlangoni ukaita.

Kwa hiyo aliokolewa na ulafi wake, Nahodha, uleule niliomsimanga nao miaka kumi na moja. Na mimi sikuandikiwa hata mstari mmoja. Saa ile yeye yuko majini, mimi nilikuwa hapa nagombana na kifungo cha koti. Nimekasirika, na kama mwandiko huu unapinda, sababu ndiyo hiyo.

Kutokana na hayo, ombi langu ni moja. Mtu anayehofia tutazama ghorofa ya pili hana kazi nchi kavu. Mahali pa zamu, kamba na hesabu ni kwako. Fomu ya ridhaa ya familia uliyotuletea kwa ajili ya msimu ujao nimeitia saini na kuiambatisha. Mchukue kiangazi, na ikiwezekana mchukue na majira mengine yote. Siku utakapompata yule wa awali, mvivu, asiyesikia, na soksi zake, nirudishie yeye.

Nisalimie mabaharia wote na fundi wa injini. Kijiko mwambie arudishe bakuli langu. Mpishi msalimie mara mbili. Simjui hata kwa sura, lakini kwa ajili ya ile sahani namuombea kila siku. Mama mkwe naye anakusalimu, ila kwa masharti.

Wako katika malalamiko,

Mke wa Mtu Wako,
Fundi Cherehani, Ghorofa ya Pili.

Tanbihi: Barua ilikosa stempu, nikamtuma. "Stempu, naleta." Duka liko mwisho wa mtaa. Ikapita nusu saa, ikapita saa, mvua ikaanza. Binti yetu akasimama mlangoni akaita kama anavyoita baba yake, akapata watatu. Akarudia, tukawa watatu. Nikamwambia afunge mlango, maji yanaingia. Mama mkwe akachukua mkasi wangu, akakikata kiti chake kamba, akakiweka kizingitini na kukikalia. "Hapafungwi hapa mpaka tutimie," akasema. Mimi nilikuwa nimeshapakua. Sahani yake ilikuwa mezani, na kila nilipoitazama sikuweza kuketi.

Alirudi amelowa chapachapa. Duka lilikuwa limefungwa, na kwa kuwa alishasema analeta, alikwenda mpaka ng'ambo ya daraja. Jioni hii niliita mimi. Alipoitika "Nipo", nilifunga mlango kwa mkono wangu, kisha nikalia kuliko siku ya gauni.

Fomu nimeichana. Stempu nimeibandika, maana aliileta. Msimu ujao hesabianeni bila yeye. Huyu anahesabiwa hapa.