Bara Jipya Juu ya Paa la Al Wukair

Inatangazwa kwa wakazi wote wa vila yetu ya Al Wukair, hapa Qatar, walio kwenye shifti na walio kitandani, kwamba bara jipya limegunduliwa. Liko juu ya paa. Unapanda ngazi ya jikoni, unasukuma mlango wa bati, umefika.

Mvumbuzi ni Mheshimiwa Rodney, mwenyekiti wa vila, ambaye mchana hulinda mlango wa hoteli kule West Bay. Mimi, Mama Rael, mpishi wa vila, ndiye Katibu wa Uvumbuzi. Niliteuliwa kwa sababu nilikuwa karibu.

Yote yalianza na kitabu alichosahau mgeni wa hoteli. Rodney alikisoma kazini, akarudi macho yamemtoka.

"Mama Rael, unajua Waingereza walipataje nchi ng'ambo ya Atlantiki?"

"Walinunua?"

"Wapi! Nahodha anashuka melini na barua ya malkia. Anang'oa bonge la udongo, anavunja kijiti, anavishika hivi mbele ya watu, anasema hii ni yetu. Khalas, imekwisha! Kuna mmoja alikuta bandari imejaa wavuvi wa kila taifa, wanavua zao miaka na miaka. Akawatangazia nchi ina mwenyewe sasa, halafu akawatoza."

"Na wenyeji walisema nini?"

"Kitabu hakijasema."

Nikaona ni kitabu kizuri, kinajua kunyamaza.

Ijumaa asubuhi msafara uliondoka jikoni. Rodney alitangulia na taulo lake la kijani limefungwa kwenye mpini wa fagio. Levis, naibu wake, alibeba chai ya safari. Ngazi ilikuwa shwari.

Bara lilikuwa tupu, ukitoa ndoo za Nyaboke. Nyaboke husafisha ofisi kule Al Sadd. Ndani ya ndoo kuna managu, mboga za kwetu, ameyatundikia shuka kuukuu iwe kivuli, anayanywesha maji yanayodondoka kwenye viyoyozi. Mbegu alitumiwa na mamake kutoka Kisii, zimefungwa kwenye kona ya leso. Mamake alifariki Februari, kwa hivyo hakuna leso nyingine inayokuja. Nyaboke hakuwa ameonja hata jani. Alikuwa akingoja yazae mbegu kwanza.

Rodney alichota udongo wa ndoo, akavunja tawi la managu, akainua vyote viwili.

"Kwa kuwa mahali hapa hapana mtu..."

"Mimi nipo," nikasema, pini za nguo mdomoni.

"Mama Rael, wewe unaanika. Anayeanika si mkazi, ni mandhari."

Nikaandika hivyo.

Sheria ya Kwanza: mahali popote patakapokutwa bila mtu ni pa aliyepagundua, akishika udongo na kijiti mbele ya shahidi. Sheria ya Pili: waliokuwapo zamani watampa mwenyekiti nusu ya mazao, la sivyo ndoo zitamwagwa kwenye pipa la taka Ijumaa ijayo.

Nyaboke alirudi kutoka kazini akakuta taulo linapepea.

"Rodney, ndugu yangu, ukila nusu, mbegu nitatoa wapi?"

"Si mimi, Nyaboke. Ni historia."

Alishuka akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Mimi nikabaki kuomba ufafanuzi, kama katibu yeyote makini.

"Mheshimiwa, hii Sheria ya Kwanza ni ya paa tu?"

"Popote, Mama. Sheria ya kweli haichagui."

"Hata ndani?"

"Popote pasipo na mtu!"

"Asante. Nilitaka tu niandike vizuri."

Sasa ifahamike kwamba Rodney ana chumba chake peke yake, chenye kiyoyozi kinachofanya kazi, huku sisi wengine tukirundikana kwenye vitanda vya ghorofa. Ifahamike pia kwamba ni yeye aliyeng'oa makomeo ya milango yote, eti moto ukitokea. Hata lake.

Jumatatu, Rodney akiwa West Bay, ofisi yangu ilipata habari za bara la pili, mwisho wa korido. Nyaboke, aliyekuwa na ofu siku hiyo, aliongoza msafara. Jerusha, mwenzetu anayefanya kazi saluni, akawa shahidi. Hatukukuta mtu. Dalili za uhai zilionekana: ndara, pasi, na picha ya Rodney ameegemea gari la mtu. Nyaboke alishika udongo, yaani vumbi la chini ya kitanda, ambalo lilikuwa jingi. Kijiti kilikuwa mswaki wa Rodney. Bendera, aproni yangu. Tukashusha ndoo za managu, tukazipanga dirishani.

Jioni Rodney aliingia sare imelowa jasho.

"Nyaboke! Unafanya nini kitandani kwangu?"

"Natawala."

"Nguo zangu ziko hapa!"

"Tumeziona," nikasema. "Nimeziandika kwenye mandhari."

"Mama Rael, mimi naishi hapa! Nilikuwa kazini tu!"

"Nyaboke naye Ijumaa alikuwa kazini."

"Levis, waambie hawa!"

Levis akatazama kiyoyozi, akatazama ngazi. "Bosi, sheria ni yako."

Rodney akahamia kwenye bara lake. Ilikuwa mwisho wa Mei, ule wakati hewa ya Doha inakuvaa kama blanketi lililofuliwa likakataa kukauka. Gavana alilala na taulo.

Asubuhi mlango uligongwa. Niliweka kumbukumbu, kwa kuwa haijawahi kutokea mwenyekiti kubisha mlango wa mtu.

"Nani?" Nyaboke akauliza.

"Ni mimi."

"Mimi nani? Mvumbuzi?"

Sauti ikatoka ndogo:

"Hapana. Mwenyeji."

Tukafungua. Alifuta sheria zote mbili pale pale, kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa foleni ya bafu, akijipangusa jasho kwa bendera ya taifa. Ndoo alizirudisha juu mwenyewe, Nyaboke nyuma yake akisema, "Polepole, hiyo imeshaanza kuzaa."

Mbegu sasa ziko kwenye leso, na managu tumeonja. Rodney tumemrudishia chumba chake. Makomeo nayo yamerudi kwenye milango yote isipokuwa wake. Aliponiuliza kwa nini, nilimjibu kwa heshima zote za ofisi.

"Si mimi, Mheshimiwa. Ni historia."