Nundu Kwenye Grafu ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Daktari amerudi kutoka kazini macho mekundu, chakula hakukigusa.

Daktari ni mwanangu. Si wa sindano. Ni daktari wa kemia ya umeme, mambo ya betri. Jirani bado anamletea goti lake alitazame. Simkatazi jirani. Acha mtaa ujue nyumba hii ina daktari.

Nikamwuliza kulikoni. Akasema jarida limejibu kuhusu makala yake. Yaani ile makala! Yenye grafu tatu! Kwenye grafu mbili za kwanza mstari unapanda taratibu kama mtu anayepanda ngazi. Kwenye ya tatu unapanda, halafu unavimba nundu kama ya ngamia, ndipo unaendelea na safari. Nundu hiyo haijawahi kuonekana na mtu yeyote, popote. Daktari anasema ni jambo jipya linalotokea ndani ya betri. Nimeitundika grafu sebuleni. Picha ya harusi yangu nimeihamishia korido.

Sasa, jarida huwapa makala wahakiki wawili, na majina yao ni siri, hata mwandishi haambiwi. Wa kwanza kasifu. Wa pili kauliza swali moja tu: vyombo vya kioo vilisafishwaje? Anaogopa nundu ni uchafu.

Uchafu! Mtoto niliyemlea mimi!

Na mkataba wa Daktari unaisha mwisho wa mwezi. Nafasi ya kudumu pale maabara ni moja, wanaoitaka ni wawili: yeye na Miwani, kijana wa meza ya pili. Profesa mkuu wa maabara kasema wazi. Makala ikipita, nafasi ni ya Daktari. Isipopita, ya Miwani.

Nimeapa. Huyo mhakiki wa pili nitamtafuta hata kama amejificha uvunguni mwa kitanda.

Jumanne, 4 Machi

Sijalala. Vyombo vichafu! Kinachoniuma zaidi ni kwamba vyombo vile navijua. Niliviosha mimi!

Ilikuwa Januari. Nilipeleka chakula cha mchana, Daktari yuko kikaoni. Mlinzi wa lango ananiita mama mzazi, akanipitisha. Nikakuta vyombo vya kioo vimelala kwenye beseni la asidi, vinanuka kama duka la betri za magari. Juu ya sinki karatasi: MTU ASIGUSE. Nikajua imeandikwa kwa ajili ya wanaume. Nikavaa glavu, nikavitoa. Sabuni ya kijani, ile yenye povu la kufa mtu, nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nikaosha mara mbili. Nikasuuza kwa maji ya bomba. Nikavifuta kwa kitambaa nilichofungia chakula. Vikang'aa kama meno ya bibi harusi! Nikavipanga kwenye rafu ya vyombo safi, nikaondoka zangu. Sikumwambia mtu. Mama hatangazi mema yake.

Na kesho yake tu, nundu! Mikono yangu ina baraka, nimesema siku zote.

Mshukiwa wa kwanza nimempata: katibu wa chama chao cha wanakemia wa umeme. Namwita Kipepeo kwa ile tai yake yenye umbo la kipepeo. Siku ya sherehe ya shahada ya Daktari alibakiza chakula nusu sahani. Mtu wa kubakiza chakula ndiye wa kuuliza habari za vyombo. Nimewasha oveni.

Alhamisi, 6 Machi

Keki imekwisha. Yote. Kipepeo kaila huku ananitazama kwa shukrani, makombo kwenye tai.

Nilimzunguka kwa akili. Nikamwuliza kama anapenda kusoma kazi za wenzake. Akasema siku hizi hata zake hazisomi. Nikamwuliza ana maoni gani kuhusu betri. Akasema betri ni mambo ya vijana, yeye maisha yake yote ni kutu kwenye mabomba, na akaanza kunieleza kutu. Saa nzima! Kutu ya maji baridi, kutu ya maji moto. Mwishoni akauliza kama nyumbani kuna keki nyingine.

Si yeye. Nimerudi na sahani tupu, tena imepata ufa. Nimekaa kwenye ngazi za nje kama mtu aliyefiwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwandikia mhariri wa jarida mwenyewe, kwa simu yangu. Nikajitambulisha: mama wa mwandishi, mjane, mpishi wa keki. Nikaomba jina moja tu.

Amejibu papo hapo! Ameshukuru, amesema ujumbe wangu umepokelewa na utashughulikiwa. Mtu wa adabu. Nikamwandikia tena kumwuliza hali ya nyumbani kwake. Akajibu papo hapo, maneno yale yale. Nikamwambia mgongo unanisumbua. Ameshukuru. Nikamwambia mume wangu alifariki mwaka wa mafuriko. Ameshukuru.

Nimeanza kumwogopa.

Daktari ameshinda kitandani na kompyuta tumboni, anasoma lile swali la mhakiki tena na tena. Nilimwambia amjibu kwamba katoka kwenye nyumba ya watu safi. Akasema, "Mama, tafadhali." Akageukia ukutani.

Jumatano, 12 Machi

Mkutano wa mwaka wa chama. Hoteli kubwa, mazulia mpaka chooni. Nimejiandikisha kama msindikizaji. Beji yangu imeandikwa hivyo, MSINDIKIZAJI, bila jina la Daktari! Nimeliongeza kwa kalamu.

Nani msindikizaji mwingine? Mama yake Miwani. Kofia mpya, kubwa kama sinia. Akaniambia habari za siku nyingi, dada yangu, wangu sasa ana makala saba, wako je? Nikamwambia wangu ana moja, lakini ina nundu. Akaanza kurekebisha kofia. Furaha yangu ya kwanza wiki hii.

Wasindikizaji tumeandaliwa basi la kwenda kuona bustani ya maua. Sikuja kuona maua. Nimejifungia chooni mpaka basi likaondoka na ile kofia.

Nimezunguka kwenye mabango. Kila bango lina grafu, mbele ya kila grafu amesimama kijana anayetoka jasho. Nimeuliza kila mwenye mvi kama yeye ndiye mhakiki wa pili. Wamecheka. Mmoja akasema, "Mama, hapa ndani kila mtu ni mhakiki wa pili wa mwenzake." Wote! Na wanakunywa chai pamoja!

Nimekwisha. Nilikwenda kwenye birika la chai kulia kidogo. Hapo ndipo nikamkuta bibi mmoja mfupi, raba miguuni, vidole vina mabaka ya asidi. Akanipa leso. Ni mtafiti, ameanza kazi hii mimi bado sijaolewa. Nikamweleza yote: Daktari, Miwani, mkataba, nundu. Aliposikia nundu akaweka kikombe chini. Akasema hata yeye angependa sana kujua nundu ile inatoka wapi, maana kama ni ya kweli, mtoto huyu ana maisha makubwa mbele yake.

Nilitaka kumweleza nilivyoosha vyombo, kengele ikalia. Lakini nimepata mtu wetu. Mungu hajanitupa.

Alhamisi, 13 Machi

Sijui nianzie wapi.

Daktari alipanda jukwaani na suti ya bluu niliyoipiga pasi mpaka ikawa kama karatasi. Grafu ya tatu ukutani, kubwa kama geti. Nundu ile! Nilikaa safu ya nyuma, mama Miwani kando yangu na kofia yake. Daktari alisema kama maji yanayotiririka. Profesa akawa anatikisa kichwa kwa kukubali. Niliona nafasi ya kudumu. Niliiona kabisa, na meza yake na kiti chake.

Kisha maswali. Bibi wa raba akanyoosha mkono. Kwa sauti ya chini, kwa upole, akauliza vyombo vilisafishwaje.

Hata yeye! Swali lile lile! Limeenea kama mafua!

Daktari hakutetereka. Akajibu: asidi usiku kucha, kisha maji safi ya maabara, basi. Hakuna kitambaa kilichogusa, hakuna sabuni iliyokaribia. Bibi akasema asante, ila uso wake ukabaki na swali. Mama Miwani akanigeukia taratibu, kofia na yote, akatabasamu.

Mtu ana kikomo chake. Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya kufika mlangoni kwamba jamani, vyombo ni safi, niliviosha mimi! Kwa sabuni! Mara mbili! Na nikavifuta!

Nikasubiri makofi.

Nilisikia feni ya projekta. Profesa akafunika uso kwa viganja. Kipepeo akauliza sabuni gani. Nikamwambia ya kijani. Safu ya tatu mtu akaguna kama aliyepewa habari za msiba.

Daktari akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama siku ile ya kwanza ya shule, nilipomwachia mkono pale getini. Akauliza kwenye kipaza sauti ilikuwa lini. Nikamwambia Januari, siku niliyokuletea kuku, ulipokuwa kikaoni. Akafumba macho, akahesabu kitu moyoni. Akasema, "Asante, mama." Akazima projekta. Nundu ikatoweka ukutani.

Nje, bibi wa raba alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema nimewaokoa watu wengi na miaka ya kufukuza upepo. Mtu mwema sana yule. Angekuwa yeye ndiye mhakiki wa pili, tusingefika hapa.

Jumapili, 16 Machi

Nyumba kama ina maiti.

Daktari ameliandikia jarida, ameiondoa makala mwenyewe. Hakungoja kuambiwa. Nilimwambia angengoja, labda wangesahau. Akanieleza polepole, kama ninavyomweleza jirani habari za goti. Sabuni hubaki kwenye kioo, utando mwembamba usioonekana. Unaingia kwenye maji ya majaribio, unang'ang'ania elektrodi, kile kipande kinachopitisha umeme, mstari unavimba.

Akasema, "Nimeandika kurasa kumi na mbili kuhusu sabuni, mama." Akacheka. Halafu kicheko kikakatika katikati, akabaki ameshika meza.

Nikamletea chai. Kabla ya kunywa, akakinusa kikombe. Mimi! Kikombe changu! Hilo limeniuma kuliko yote.

Nafasi ni ya Miwani. Jioni mama yake amekuja kunipa pole. Ameketi kwenye kiti changu, ametazama ukutani, akauliza kama ndiyo hiyo. Nikamwambia ndiyo hiyo. Akasema ni nzuri, akapangusa jicho, na nadhani hakuwa anatania. Hilo nalo baya. Afadhali angetania.

Grafu sijaishusha.

Jumatatu, 24 Machi

Profesa ana huruma kiasi. Amempa Daktari miezi mitatu ya kurudia majaribio, akipata kitu cha maana watamtafutia namna. Asipopata, ndio basi. Vyombo vipya, kufuli jipya, karatasi mpya juu ya sinki: MTU ASIGUSE, HATA MAMA. Vizuri. Mama Miwani alikuwa anaingia ingia mno pale.

Leo Daktari amerudi na grafu ya tatu mpya. Akaiweka mezani, akasema hii ndiyo ya kweli. Sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe.

Nimeitazama. Nimeigeuza. Hakuna nundu! Mstari umenyooka kama meza ya kupigia pasi. Nani atampa mtu kazi ya kudumu kwa mstari kama huo? Wa hivyo hata mimi nachora. Daktari amekwenda kulala bila kula, jua halijazama. Nimesikia analia kwenye mto, kwa adabu, ili nisisikie.

Nimekaa jikoni, nimelia na mimi. Halafu nimenawa uso, nimefikiri. Mimi sikusoma sana, lakini kuona naona. Januari niliosha: nundu, sifa, suti ya bluu. Machi sikuosha: hakuna nundu, hakuna kazi, mtoto analia. Wasomi wote wale, ukumbi mzima, hakuna aliyeliona! Wamesoma mpaka kitu kilicho mbele ya pua kinawapita. Kasema mwenyewe, sabuni ndiyo inayoleta nundu. Sasa si aletewe sabuni?

Nimenunua ya kijani, chupa mbili. Safari hii nitaosha mara nne, nundu iwe kubwa zaidi, hata Kipepeo aione akiwa mlangoni. Sitamwambia Daktari. Nataka aikute tu kwenye mashine, afurahi.

Mlinzi ndiye anayetunza ufunguo mpya. Anapenda keki. Iko kwenye oveni.

Nimemwandikia mhariri kwamba asikate tamaa, nundu inarudi.

Ameshukuru.