Tani Nne za Baridi Juu ya Kichwa cha Mama Yako

Nyakakika, Karagwe
Kiangazi, siku ya baridi

Kwa Ndugu Elipidius Nolasco,
Afisa,
Dar es Salaam.

YAH: KUKATAA MTAMBO WA KUPOZA NYUMBA NZIMA

Mwanangu Ndugu Afisa,

Nimeanza na "Yah" kwa sababu najua ninyi maafisa barua isiyokuwa na "Yah" mnafungia karanga. Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea, marahaba, ingawa ulikata kabla sijamaliza kuitikia ukasema ni mtandao. Barua haina mtandao. Kaa chini uisome mpaka mwisho. Na ukikuta mahali nimekosea kuandika, ujue mimi niliacha shule darasa la pili ili wadogo zangu wapate wa kuwapikia. Wewe umesoma mpaka umevaa tai, na matunda ya kusoma kwako ni kumnunulia mtu wa Karagwe baridi.

Ulinitumia neno kwa fundi wako Aristides kwamba nyumba mpya uliyonijengea hapa uani itakuwa ya umeme mtupu. Kuni hakuna, mkaa hakuna, gesi hakuna. Na kwamba kilichobaki ni mimi, kama mwenye kukaa humo, nichague mtambo wa hewa utakaotosha nyumba nzima. Mabomba yake ameshayalaza darini. Kasema mitambo iko aina mbili: mmoja unapoza tu, mwingine unapoza na kupasha joto. Akafunga mmoja mdogo wa majaribio upande wa sebuleni ili mama aone. Mama ameona. Jibu langu ni kwamba sichagui hata mmoja, na sababu zangu ni hizi:

1. Baridi ninayo. Mwanangu, uliondoka hapa umeshaota ndevu, hukubebwa mgongoni. Unajua kwamba asubuhi za kiangazi ukungu unalala kule bondeni mpaka ng'ombe wanaonekana pembe tu. Unajua navaa koti la marehemu baba yako juu ya sweta, sweta juu ya gauni, na bado napika nimejikunyata. Leo unataka kunipoza. Nimepoa, Elipidius. Waliobaki wa kunipoza zaidi ya hapa ni wachimba kaburi. Kumletea mtu wa Karagwe baridi ni sawa na kwenda kumtembelea Mnyambo, mtu wa migomba, ukambebea mkungu wa ndizi: atapokea kwa adabu, lakini ukishaondoka atauliza watu kama kichwa chako ni kizima. Huko kwenu mnakotoka jasho mpaka kwenye kope, huko ndiko pa kupoza. Homa yako usinitibu mimi.

2. Ule mtambo wa pili, wa kupoza na kupasha, sikutaka hata kuujadili. Kitu kimoja, tundu moja, leo kinatoa baridi kesho kinatoa joto? Mtu wa tabia hiyo sisi hatumwiti kuwa shahidi hata kwenye kesi ya mbuzi.

3. Tani. Aristides alipita chumba kwa chumba anapima, akasimama katikati ya sebule, akasema nyumba hii inataka tani nne. Nikamwuliza tani nne za nini. Akasema za baridi. Nikamwuliza zitapita wapi. Akaonyesha darini. Sasa mwanangu, mimi tani naijua. Nimepeleka kahawa chama cha msingi tangu hujazaliwa. Tani ni magunia yanayoinamisha gari mpaka matairi yanatoa ulimi. Ndizo unazotaka kunipandishia juu ya kitanda, na mbao zenyewe za paa ni mikaratusi iliyopasuliwa ikiwa mbichi, nimeiona mimi, inalia usiku kama mtoto mchanga. Fundi akacheka, akasema, "Bibi, tani siyo uzito, ni nguvu." Nikamjibu kwamba hata fahali ni nguvu, lakini sijaona mtu anampandisha darini. Kijana huyo wa Muleba ana heshima, shikamoo yake ni ya kuinama kabisa, lakini mtu akishakuambia tani siyo uzito, kesho atakuambia debe siyo ujazo, na keshokutwa shemeji siyo ndugu.

4. Madirisha. Anasema mtambo ukiwaka madirisha yafungwe na mlango ufungwe, baridi isipotee. Isipotee iende wapi? Nje ndiko kwao. Na mlango uliofungwa mchana, hapa kwetu, una maana moja tu: mwenye nyumba anakula nyama peke yake. Katekista Cassian akipita akanikuta nimejifungia, Jumapili nitakuwa mfano kwenye mafundisho. Mimi nimezoea kumenya ndizi mlangoni. Wapita njia wananisalimia kutoka barabarani, naitikia, na hivyo ndivyo ninavyojua nani kafiwa, nani kaposa, mbuzi wa nani kaingia kwenye maharage ya nani. Nikifunga hivyo vioo vyako, habari za Nyakakika nitakuwa nakuuliza wewe uliyeko Dar es Salaam, nawe utaniambia ni mtandao.

5. Mabomba ya darini yanabeba maneno. Mkeo Joanitha alipokuja mwezi uliopita kupima mapazia, alikuwa chumba cha mwisho kabisa anaongea na simu. Mimi nimekaa sebuleni, nimetulia kama jiwe la kusagia. Tundu la darini likaniambia, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba moshi wa jiko la mama umemwingia mpaka kwenye nywele na nywele zenyewe ni za gharama. Sikumwambia kitu. Nilimpikia, nikamsindikiza. Nakuambia wewe. Nyumba ya namna hiyo ni mbea aliyeezekwa bati.

6. Majivu. Jiko lako la umeme linaivisha, sikatai, nililijaribu kwa maharage na yakaiva bila ugomvi. Lakini haliachi majivu. Na majivu ndiyo ninayowamwagia siafu wakija, ndiyo ninayohifadhia maharage, ndiyo ninayosugulia sufuria. Mbegu zangu za mahindi zinaning'inia juu ya moshi tangu mavuno, na mdudu akizitazama anapiga chafya anaondoka. Nikizining'iniza kwenye tundu lako la baridi zitapata mafua.

7. Sasa nimefika penye mfupa. Aristides amekaza kamba kutoka kona ya nyumba mpya, na kamba hiyo imepita katikati ya jiko langu, kati ya mafiga na mlango. Anasema mtambo wenyewe mkubwa unakaa nje, unataka sakafu ya zege na upepo, na pale ndipo panapofaa. Jiko linavunjwa wiki ijayo. Anasema ni wewe uliyesema livunjwe, kwamba nyumba ya umeme mtupu haihitaji jiko la moshi.

Elipidius, wewe unajua moshi ni nini? Unadhani moshi ni uchafu wa moto. Nyiransabimana, jirani yangu wa ng'ambo ya bonde, kila asubuhi anatoka nje kwake, anatazama paa la jiko langu. Mimi natazama la kwake. Moshi ukishapanda huku na kule, kila mtu anaingia ndani na shughuli zake. Hatujawahi kukaa kikao tukakubaliana hivyo. Tumezeeka tukifanya hivyo. Mwaka jana malaria iliponiangusha, nikashindwa hata kuinua kichwa niite mtu, wewe ulipiga simu, haikupokelewa, ukasema moyoni mama yuko shambani. Nyiransabimana hana simu. Alimwita mwanawe Theoneste, wakabeba machela, wakavuka bonde, wakapanda, wakasukuma mlango wangu kwa bega. Nilipofumbua macho hakuniuliza naumwa nini. Alisema tu, "Sikuona moshi wako." Wakanibeba mpaka zahanati. Habari wewe ulizipata nimesharudi, nimekaa kitako, nalalamika mchuzi hauna chumvi.

Ndilo jiko unalotaka livunjwe lipishe baridi.

8. Sasa unganisha mambo yote hayo kama mtu aliyesoma. Moshi hakuna, kwa hiyo siku nikifa hakuna atakayejua. Madirisha hayafunguki, kwa hiyo hakuna atakayenusa. Baridi ni tani nne, kwa hiyo sitaoza. Nitakaa humo kwenye kochi, mbichi kabisa, kama sangara wa kwenye barafu, mpaka Krismasi mtakapokuja. Utaingia, utasema shikamoo. Sitaitikia. Utamgeukia Joanitha umwambie mama bado amenuna. Mtakula, mtalala, mtapiga picha na mimi nikiwa katikati, kisha mtarudi Dar es Salaam mkiambiana njiani kwamba safari hii bibi hakusumbua kabisa. Hiyo siyo nyumba, mwanangu. Ni chumba cha maiti chenye sebule.

Kwa sababu hizo naagiza, na usilisome neno hili kama ombi, mambo yafuatayo. Aristides aikunje kamba yake. Mabomba yateremshwe darini, nitajua pa kuyatumia, kuku wangu wanataga ovyo. Na mtambo wenyewe upakiwe kwenye gari urudi huko, ufungwe ofisini kwako, juu ya kiti chako, maana mwenye kichwa kinachohitaji kupozwa anajulikana. Ukikaidi, ukavunja jiko, basi siku hiyo hiyo nahamishia mafiga yangu sebuleni kwako, juu ya hayo marumaru yanayoteleza, natoboa bati kwa mchi ili moshi upate njia. Usinijaribu. Bati la nyumba ya baba yako nililipigilia mimi mwenyewe nikiwa na mimba yako, kutoboa moja hakunishindi.

Nisalimie Joanitha, mwambie nywele zake zilikuwa nzuri. Nisalimie wajukuu wangu wote, na yule Prudensia mdogo mwambie bibi anamwekea mbegu za maboga. Nisalimie majirani zako, kama huko mna majirani na siyo kuta. Nisalimie na mlinzi wa getini kwenu, ambaye nikipiga simu ananijibu vizuri kuliko aliyemwajiri.

Mungu akulinde, akupe na akili ya kwenda na hiyo tai.

Wako katika kulinda jiko,
mama yako mzazi,
Placida Kokugonza

Nakala:
Joanitha, asije akasema hakuambiwa.
Katekista Cassian, aione kabla hajaisikia.
Aristides, asomewe akiwa ameshuka kwenye ngazi.

N.B. Bahasha nilikuwa sijaifunga. Leo asubuhi baridi ilikuwa ile ya kuingia kwenye mifupa, na kuni zimelowa umande. Nikasema kabla sijahangaika na moto niingie kwanza nyumba mpya nimfokee Aristides kuhusu kamba. Hakuwemo, ila mtambo wake wa majaribio alikuwa ameuacha unanguruma, upande wa joto, anakaushia rangi. Nikasimama chini ya tundu ili niudharau kwa karibu. Magoti yangu, ambayo tangu masika hayasikii la mtu, yakakaa chini yenyewe. Nikaegemea kochi. Nikasinzia.

Nimeamshwa na kilio. Nyiransabimana alikuwa amesimama jikoni kwangu, juu ya majivu yaliyopoa, analia jina langu, na Theoneste yuko mlangoni na machela begani. Nikagonga kioo. Aliponiona aliingia na maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua yenye "Yah", na nusu yake ilikuwa Kinyarwanda. Akafika chini ya tundu, akanyamaza katikati ya tusi. Akainua mikono, akaigeuza hivi na hivi, akafungua kanga ya mabegani, akakaa. Mpaka sasa ninapoandika amekaa. Anasema anapumzika kidogo kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo nachagua ule wa kupoza na kupasha. Upande wa kupoza Aristides aupigilie msumari. Mtambo wa nje auweke pale Joanitha alipopanda maua. Jiko langu lisiguswe hata jiwe moja. Tumepanga na Nyiransabimana kwamba kuanzia kesho nawasha moto kwanza, moshi uonekane, ndipo naingia huku. Naye anawasha wake, ndipo anakuja.

Tatizo ni leo. Alitoka kwake mbio, hakuwasha moto. Hivi sasa nawaona dirishani watu wa kilima cha kwao, jirani yake Uwiduhaye mbele, mkewe nyuma na mwiko mkononi, halafu wengine wana machela nyingine, wote wanapandisha huku. Sina roho ya kuwaambia wasimame nje kwenye baridi. Mwambie fundi tani nne hazitatosha.