Jina la Pili la Sabina

Jumatatu, 3 Machi 2025

Hospitali tena. Binti yangu Sabina yuko kwenye utafiti wa dawa mpya ya kansa, wiki ya nane. Kesho picha ya tumbo. Sista Winnie, anayetuangalia watu wa utafiti, kaeleza: uvimbe ukikua kupita kipimo chao, dawa inasimama. Nikauliza nani anaamua. Kasema daktari wa picha anapima uvimbe uleule, anajaza visanduku kwenye kompyuta, kompyuta inalinganisha na picha ya zamani. Nikamwomba amwambie daktari aandike maneno mazuri. Kacheka. Eti hakuna pa kuandikia maneno mazuri, na kisanduku kimoja kikibaki wazi ripoti haiendi. Mashine gani hiyo!

Mama Hellen wa Buzuruga alikuwepo benchini. Uvimbe wa Hellen umepungua theluthi. Katutangazia mara tatu. Nimempongeza kwa mdomo.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na akili. Kompyuta isipoiona picha ya zamani, italinganisha na nini? Na hewa! Sabina ni jina la ubatizo. Nyumbani ni Kabula, alizaliwa mvua ikinyesha, babu yake ndiye alimpa. Kwa hiyo si uongo. Sabina alipokwenda msalani nikasogea dirishani na barua ya zahanati yetu ya mwaka jana, imeandikwa Kabula Masele. Nikasema mgonjwa mgeni. Kadi ya utafiti nimeifunga kwenye pindo la kitenge. Karani kaandika. Walipoita Kabula, Sabina kashangaa. Nikamfinya. Kaingia.

Jumatano, 5 Machi

Simu ya Sista Winnie. Picha ya Sabina iko wapi? Bila ripoti, dawa ya Ijumaa haitoki. Nikasema labda mtandao. Kasema mtandao mzima kabisa, mama. Jasho! Sabina kauliza kwa nini jana aliitwa Kabula. Nikamwambia ale ugali wake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekiri. Kwa woga nikamwamkia Sista Winnie shikamoo, mtoto wa kumzaa mimi! Hata marahaba hakuitikia. Kafungua kompyuta. Kabula yupo, visanduku vimejaa, penye picha ya zamani: hakuna. Sabina naye: hakufika kupimwa. Mtu mmoja, wagonjwa wawili! Wasipounganishwa kabla ya kesho saa sita, dozi imepita. Sabina kaniambia polepole, mama, hiyo dawa ndiyo ninayoitegemea. Bora angepiga kelele.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne daktari wa picha kawaunganisha, kapima upya. Kompyuta ikalinganisha. Umepungua nusu! Nusu! Theluthi ni nini? Nikapiga vigelegele kwenye korido mpaka mlinzi akanitoa nje, nikamalizia huko. Saa sita kasoro robo dawa ikatoka. Sabina kanicheka, kisha kalia, kisha kataka chipsi.

Sista Winnie kasema habari hii ningeipata tangu juzi kama ningetulia. Kaniapisha: mtu mmoja, jina moja, kadi moja. Nimeapa, mkono juu.

Lakini nimewaza njiani. Miezi yote hiyo akiitwa Sabina, uvimbe unakua. Kaitwa Kabula siku moja tu, umeanguka nusu. Na mimi si mchoyo wa dawa. Jioni nimempigia Mama Hellen. Nimemuuliza, kwa upole kabisa, Hellen ana jina gani la nyumbani.