Kielelezo Namba Kumi na Nne

Idara ya Historia na Uchukuzi ina furaha kuutangazia umma wa Kolkata kwamba, kuanzia Julai mosi, jiji limekombolewa rasmi kutoka katika mambo yake ya kale. Mimi, Nirupam Ghoshal, ndiye mkurugenzi wa idara hiyo, na waraka wenyewe niliuandika kwa mkono wangu. Unasema hivi: chombo chochote kinacholichelewesha jiji ni historia. Historia hutazamwa, haipandwi. Ikishaingia kwenye daftari, haitoki bila hati iliyosainiwa na mkurugenzi.

Wenye wivu walisema waraka ule umeandikwa na mtu asiyetembea kwa miguu. Ni kweli kabisa. Nina gari jeupe la serikali, lenye pazia nyuma na taulo safi kwenye kiti changu.

Tulifungua ukumbi wa maonyesho katika mtaa wa Thanthania. Tukaleta behewa la tramu, gari la farasi, machela ya bibi harusi na kadhalika, vyote vikatulia bila matata. Cha kumi na nne ndicho kilichotusumbua. Kilikuwa riksho ya kuvutwa kwa mkono, na kilikuja na mwenyewe. Bisheshwar Mahto, Mbihari aliyekuja jijini kutoka jimbo jirani kutafuta kazi, wa miaka hamsini na kitu, aliishika mipini ya riksho yake tangu askari walipoikamata barabarani hadi ndani ya ukumbi, akagoma kuiachia. Karani wangu mkuu, Tarapada, ambaye hupata homa akiona nafasi tupu kwenye daftari, akaandika: riksho moja, pamoja na mtu aliyeishikilia.

"Bwana mkubwa, mimi si wa kale," Bisheshwar aliniambia. "Leo asubuhi nimepeleka watoto watatu shule, na mama mmoja na samaki wake. Nipe riksho yangu nikafanye kazi."

Nilimweleza kwa upole kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe. Akataka kuandika malalamiko. Tarapada akamfahamisha kwamba, kwa mujibu wa kanuni yangu ya tisa, kielelezo hakisaini kitu. Basi akakaa chini ya kibao cha "Usiguse" wiki mbili nzima, kengele yake ndogo kidoleni, akiletewa chai na muuza chai wa langoni. Wageni walimpenda sana. Walinipita mimi kwenda kumwona yeye, na sitaficha, iliniuma.

Siku ya Alhamisi Waziri aliniita ofisini kwake nikavishwe cheo cha Kamishna, saa kumi kamili alasiri. Saa nane mvua ikashuka. Saa tisa mtaa mzima ulikuwa bwawa, gari langu limezima langoni, tramu zimesimama, na treni ya chini ya ardhi imefunga milango yake. Kitu pekee kilichokuwa kinasafiri Thanthania kilikuwa kandambili moja ya mtu, nayo ilikuwa inaelekea upande nisioutaka.

Kwa sababu za kiutawala nililazimika kushauriana na kielelezo namba kumi na nne.

"Sisi tunatazamwa tu, bwana mkubwa," alisema Bisheshwar, akinionyesha kibao. "Hatupandwi."

Nikaandika hati ya kumtoa yeye na riksho yake katika historia. Akamwomba Tarapada amsomee. Akaomba asomewe tena, polepole. Kisha akauliza muhuri uko wapi. Muhuri ulikuwa ndani ya gari. Nilikunja suruali nikaufuata, maji yakinifika mapajani, na muuza chai, aliyekuwa amehamia juu ya ukuta na birika lake, akanipigia makofi.

Tukaondoka. Bisheshwar alijua kila shimo lililojificha chini ya yale maji, akilikwepa huku akigonga kengele. Watu walichungulia kutoka roshani. Mmoja akamuuliza amebeba nini leo.

"Mkurugenzi," akajibu. "Samaki wanatulia kuliko huyu."

Tulifika saa kumi kasoro dakika tano. Waziri alikuwa amesimama ngazini, viatu mkononi, naye gari lake limezama. Aliitazama riksho. Mimi hakunitazama.

"Shuka, Ghoshal," alisema. "Naenda nyumbani."

Nikashuka. Maji yalinifika kiunoni. Itifaki ilizingatiwa.

Cheo hakikutajwa tena. Kesho yake Waziri alitoa amri kwamba riksho za mkono ni huduma ya dharura, na mtu yeyote asiziguse. Nilirudi Thanthania na kukuta gari langu bado liko langoni, likiziba njia. Mafundi walikuja kuliburuta. Sikukubali. Gari bila mkurugenzi ni bati tu, na mkurugenzi bila gari sijui ni nini. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikashika usukani.

Tarapada alitoka na daftari lake. Nafasi ya kumi na nne ilikuwa tupu, na uso wake ulionyesha homa imeanza. Akausoma waraka wangu kwa sauti, neno kwa neno. Akaandika: gari moja jeupe, pamoja na mtu aliyelishikilia.

Ukumbi hufunguliwa saa nne asubuhi. Jumamosi huja watoto wa shule, wakiletwa na Bisheshwar, watatu watatu. Chai naletewa. Taulo bado ni safi. Hati ya kunitoa nimeshaiandika, bila kosa hata moja, na inahitaji saini ya mkurugenzi tu. Tarapada ameninyang'anya kalamu kwa heshima zote, akinikumbusha kanuni ya tisa.