Ombi la Kurudishiwa Ugomvi wa Mitaa Yetu Miwili

Nyumba ya Zerihun,
Mpakani mwa Juu na Chini,
Sidama, Ethiopia.

Kwa Ato Shiferaw,
Msimamizi wa Mazungumzo ya Jamii,
Ofisi ya Wilaya.

Mheshimiwa Ato Shiferaw,

Ni matumaini yangu kwamba wewe na wa nyumbani kwako mko salama, na kwamba lile tumbo lililokusumbua baada ya kahawa ya Jumapili limetulia.

Mimi ni Wubit, binti wa Zerihun, wa darasa la nane. Huenda huukumbuki uso wangu, kwa sababu kila unapokuja kwetu mimi huwa nimeinama. Lakini birika ninaloliinamia unalijua.

Kwanza nakupongeza. Kabla hujaja, watu wa mtaa wa Juu na watu wa mtaa wa Chini walikuwa hawasalimiani. Sababu hakuna aliyeikumbuka vizuri. Wengine walisema ni turubai la msiba lililorudishwa likiwa limetoboka, wengine walisema ni ng'ombe. Hata kwenye mazishi kila mtu alilia upande wake. Ndipo ukaja na mpango wa kuwakalisha pamoja wazungumzie matatizo yao. Kwa kuwa Juu hawakutaka kushuka na Chini hawakutaka kupanda, ukachagua uwanja wetu, ambao uko mpakani kabisa. Mama yangu alifurahi hadi akapaka ukuta rangi.

Mpango wako umefanikiwa. Hilo ndilo lalamiko langu, na ninaomba kulieleza kwa namba, kama tulivyofundishwa na Mwalimu Hirut.

1. Amani inataka kahawa nyingi mno. Unajua kwamba mgeni hawezi kuondoka kabla ya finjani ya tatu, ile ya baraka, isipokuwa awe mgonjwa au asiye na adabu. Kwa hiyo mkutano uliosema utakuwa mfupi hauna njia ya kuwa mfupi. Tena finjani ya kwanza ndiyo yenye heshima. Katika mkutano wa mwanzo nilianza kumhudumia mzee Gashe Mamo wa Chini, na bibi Etiye Yeshimebet wa Juu akaniambia kwa sauti ya upole sana, "Haya mwanangu, sisi wa Juu tutakunywa maji ya kusuuzia." Tangu siku hiyo yapo mabirika mawili, la Juu na la Chini, yanachemka pamoja na kumiminwa pamoja, moja mkono wa kulia na jingine wa kushoto. Nimeshakuwa hodari. Lakini katika mtihani wa mkoa hakuna swali la kumimina.

2. Wanaochelewa. Mtu mzima akichelewa hawezi kupewa kahawa iliyokwisha kuwa nyepesi. Lazima nikaange buni upya, nitwange, nianze mwanzo. Na wale waliokuwa wameshafika kwenye baraka husema, "Basi na sisi tumsindikize." Jumatano iliyopita tulikuwa karibu kabisa kumaliza, nami nilikuwa nimeshafungua kitabu cha biolojia, akaingia Gashe Mamo aliyekuwa amekwenda kumtafuta mbuzi wake. Watu wakashangilia. Mimi pia nilitabasamu, kwa adabu.

3. Mada. Jumapili ile uliyoumwa tumbo, mada ilikuwa "Kuwapunguzia Wasichana Kazi za Nyumbani ili Wapate Muda wa Kusoma". Yalikuwa mazungumzo mazuri sana. Niliyasikia karibu yote, isipokuwa yale yaliyosemwa nilipokuwa natwanga.

Etiye Yeshimebet alisimama akafuta machozi. Akasema, "Mimi nilijua hesabu kuliko kaka zangu wote. Wakanipa birika." Watu wakatikisa vichwa. Gashe Mamo akamwambia, "Etiye, wewe ungekuwa waziri!" Naye akamjibu, "Ningekuwa waziri ningeanza kukufunga wewe, na mbuzi wako!" Wakacheka wote, Juu na Chini, wakiegemeana mabega, na mimi nikacheka mpaka moshi wa ubani tunaofukiza kwenye kahawa ukanipalia. Kisha azimio likapita bila hata mmoja kupinga: msichana wa shule asipewe kazi baada ya masomo. Mama yangu alinyoosha mikono yote miwili.

Ndipo wote wakanigeukia, nyuso zinang'aa kwa furaha. Gashe Mamo akasema, "Wubit, binti yangu, umesikia? Azimio kama hili haliwezi kupita kavukavu. Hebu ongeza finjani!"

Nikaongeza.

4. Wanapendana. Sasa wanakuja hata siku ambazo si za mkutano. Juzi walikuja kuzungumza kuhusu jinsi mazungumzo yanavyokwenda vizuri.

Kwa hiyo, Ato Shiferaw, ninaiomba ofisi yako iturudishie ugomvi. Siombi wote. Sitaki mtu aumie, wala msiba wa kulia pande mbili. Naomba ugomvi wa kadiri, unaotosha kuwazuia kukaa pamoja mpaka mwezi wa Sene, nikishafanya mtihani. Gharama yake ni ndogo, na mimi niko tayari kusaidia: ninajua Gashe Mamo alisema nini kuhusu siagi ya Etiye Yeshimebet, na nimelinyamazia neno hilo tangu sikukuu ya Meskel.

Kama ofisi haina fungu la ugomvi, basi itolewe amri kwamba makubaliano yote kabla ya mtihani yafanyike kwa chai, ambayo mtu huinywa mara moja akaenda zake. Na kama hilo nalo ni gumu, naomba mpaka wa mitaa usogezwe kidogo tu, ufike kwa jirani yetu Aster. Hilo nimeliandika kwa wino kabla ya kukumbuka kwamba Aster naye yuko darasa la nane. Tafadhali lifute mwenyewe, au usogeze mpaka hadi ofisini kwako.

Naomba usidhani kwamba siipendi amani. Mwalimu Hirut anasema nikifaulu nitapata nafasi ya sekondari mjini, nami nataka siku moja niwe mtu anayeuliza maswali mkutanoni, kama wewe. Kwa sasa swali ninalouliza ni nani anataka sukari. Nikianguka mtihani, nitabaki hapa mpakani na mabirika yangu mawili, na hakuna atakayekuwa amenifanyia ubaya wowote.

Wasalimie wote ofisini, pamoja na karani wako, na dereva wako anayekunywa baraka akiwa amesimama ili aonekane ana haraka. Mama anakusalimu sana. Hajui kwamba naandika.

Ni mimi, mtiifu kwako na kwa amani ninayoomba ipunguzwe,

Wubit Zerihun

N.B. Barua hii nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena kwa sababu ya mkutano wa jana, ambao wewe hukuweza kuuhudhuria. Mama aliuliza kama kuna aliyebaki na neno. Sijui ni nini kilichoninyanyua. Nilikuwa na birika mikononi, nikasema, "Mimi ni msichana wa shule, na sasa hivi ni baada ya masomo."

Mama alikaa chini polepole. Kisha Etiye Yeshimebet akaja, akanitoa birika mikononi, akamkabidhi Gashe Mamo mbele ya watu wote. "Kaanga, baba mbuzi! Mikono si unayo?"

Akakaanga. Buni ikawa makaa. Etiye Yeshimebet akanusa, akasema, "Gashe, hii ni kahawa au nyumba imeungua?" Lakini waliinywa, finjani zote tatu, kwa sababu hakuna awezaye kuondoka kabla ya baraka. Mama alikunywa akiwa amefumba macho. Mimi nilisoma sura nzima ya mzunguko wa damu.

Sasa Juu wamekasirika: kwa nini mwanamume wa kwanza kukaanga buni atoke Chini? Wameapa kwamba wa kwao atakaanga vizuri zaidi. Chini wamejibu kwamba hilo litaonekana. Tangu asubuhi hawasalimiani.

Kwa hiyo ugomvi nimeupata, Ato Shiferaw, nami nakusihi usiuruhusu hata siku moja. Njoo Jumapili bila kukosa. Wakalishe wazungumze, hapa hapa kwetu, mpaka wachoke wenyewe. Mimi nitakuwa chumbani na biolojia yangu, na mlango nitauacha wazi kidogo, ili nisikie.