Nilivyompigania Tirza Chama cha Heshima

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka themanini na mmoja. Nimezika wake wawili, mbwa tisa, na madaktari watatu walioniambia niache nyama ya nguruwe. Kiwanda cha viatu kilichonifukuza nacho kimekufa, mimi nipo. Shule niliacha darasa la sita kwa hiari yangu. Mwalimu alishukuru. Kwa hiyo atakayesoma humu asinisahihishe.

Leo Hoyt Buckner kaniharibia kahawa. Pale kituo cha mafuta, tunapokaa wazee kila asubuhi, katoa picha ya mjukuu wake na kamba ya dhahabu shingoni. Kaingia Chama cha Heshima cha watoto wanaosomea nyumbani! Kaipitisha picha meza nzima. Akauliza wa kwangu vipi, au mama yake bado anamfundisha kuhesabu kuku?

Wa kwangu ni Tirza. Miaka kumi na saba. Binti yangu Darla kamfundisha mwenyewe tangu a, e, i, pale pale kwenye meza ya jikoni. Ana akili sana. Kazirithi kwangu.

Nimerudi nikamuuliza. Kumbe fomu anayo, na mwisho ni Ijumaa. Kaniambia kamba haitaki, wampe hata mbuzi. Chuo anachokitaka ndicho kinachomtia hofu. Huko wanataka mtu mwingine, asiye mama yake, aseme kwamba mtoto huyu kasoma kweli. Mama akimsifu mwanawe nani ataamini? Chama kikimpokea, ndicho kitakachomsemea. Na mwaka huu ndio wa mwisho kwake.

Nikamwambia alale usingizi. Babu yupo.

Akabadilika rangi. Furaha hiyo.

Jumanne, 4 Machi

Fomu inataka saa arobaini za kujitolea. Tirza ana thelathini na nne. Zimepungua sita! Nikamwambia Darla aandike kucha zangu. Mtoto hunikata kucha za miguu kila mwezi tangu goti liharibike. Darla kasema kumhudumia ndugu hakuhesabiwi. Nikabisha. Asiye ndugu nani atazigusa? Kama hiyo si huduma kwa binadamu, basi huduma iliisha na mitume.

Darla akaweka mwiko chini. "Baba, nakuomba. Kaa mbali na hiyo fomu."

Marehemu mama yake alikuwa na sauti hiyo hiyo.

Nikaenda kwa Hoyt. Mkewe kavunjika nyonga, vyombo vimejaa hadi dirishani. Nikamwambia Tirza atamsafishia kwa muda wa saa sita, yeye atie sahihi tu. Kakubali, kwa sharti. Kwanza niseme mbele ya wazee wote kwamba mjukuu wake ana akili kumshinda wa kwangu.

Nimekataa katakata. Verlin Stoddard hapigi magoti.

Jumatano, 5 Machi

Nimesema. Mara mbili, maana Mzee Cletus anayekaa mwisho wa meza hasikii vizuri.

Narudi nyumbani, naambiwa Tirza alishapanga zile saa sita na watu wa maktaba tangu wiki iliyopita. Kazimaliza leo. Hakuna aliyenieleza! Nimeiuza heshima yangu bure, na Hoyt kanilipia kahawa kwa kunihurumia.

Alhamisi, 6 Machi

Darla katoka kwenda kukamua mbuzi. Bahasha ya Tirza ilikuwa mezani, haijafungwa. Sikuigusa. Niliisogeza, ikafunguka.

Nikaisoma kwa kidole. Karatasi ya alama, kaiandika Darla. Historia, tisini na saba. Hesabu, tisini na nne. Kemia, SABINI NA TATU.

Nilikaa chini. Shule nzima ni yake! Yeye ndiye mwalimu mkuu, yeye mwalimu wa zamu, yeye mpishi. Kalamu anayo mkononi, halafu anampa mwanawe wa kumzaa sabini na tatu? Hata Farao asingefanya hivyo.

Saba ukiichora kitumbo inakuwa tisa. Nimeichora. Wino wangu ni wa buluu na wake ni mweusi, lakini watu wazima wana shughuli zao, hawaangalii rangi. Chini nikaongeza somo moja: Ufundi wa Trekta, mwalimu V. Stoddard, mia moja na kumi kwa mia.

Kulikuwa na barua ya kumwombea pia, ya Bi Oleta wa maktaba. Eti Tirza hufika kwa wakati na hurudisha vitabu mahali pake. Basi? Ng'ombe wangu wote walifika kwa wakati. Barua baridi kama uji wa jana. Nimeitoa, nikaweka yangu. Kurasa tatu! Nimeeleza alivyomtoa ndama tumboni akiwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa ameshika taa, lakini ni yale yale.

Fomu inasema mwandishi asiwe ndugu. Nimetia sahihi "Jirani". Si uongo. Nyumba yangu ya magurudumu iko upande wa pili wa uwanja wao. Bahasha nikaifunga kwa mate.

Ijumaa, 7 Machi

Tirza kaipeleka bahasha mwenyewe, kavaa gauni la Pasaka. Karudi anaimba. Nami nikaimba. Sikumbuki nilifurahi hivi lini.

Jumanne, 11 Machi

Mungu wangu.

Jumanne familia zote zinazosomesha nyumbani hukutana kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, watoto wafanye sayansi pamoja. Bi Nadine Kessler ndiye mwenyekiti wa Chama. Kamwita Darla. Kamwita Tirza. Halafu kaniita mimi, niliyekuwa nakula pai yangu kwa amani.

Karatasi zilikuwa zimepangwa mezani. Kasema, "Mzee Verlin, miaka thelathini nakaa nyuma ya kisogo chako kanisani. Kila Jumapili unaandika kadi ya kuombewa goti, nami ndiye ninayezisoma. Mwandiko wako nisiujue?"

Nikamwambia watu wengi wana mwandiko mbaya.

Hakucheka. Kasema mwaka huu kapokea fomu ishirini na mbili, na katika ishirini na moja watoto wote wamepata mia, wote, kila somo, maana mama ndiye msahihishaji. Kaziangalia hadi macho yakamuuma. Darla alikuwa amemdokeza wakati wa kununua mayai kwamba kemia ilimshinda mtoto na hakuificha. Wastani wake ulitosha hata hivyo. Kasema ile sabini na tatu ndiyo namba pekee aliyokuwa tayari kuiapia mbele ya kamati. Akaifungua bahasha, akakuta tisini na tatu yenye kitumbo cha buluu.

"Sasa sijui lipi la kweli humu. Na kama mimi sijui, siwezi kutia sahihi."

Kanuni ni kanuni. Fomu iliyochezewa hairudiwi mwaka huo huo. Na Tirza hana mwaka mwingine.

Darla hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Aliokota mkoba wake, akausahau mlangoni, akarudi kuuchukua, akausahau tena.

Alhamisi, 13 Machi

Tirza kaja kunisomea barua ya hospitali, kama kawaida. Kasoma hadi mwisho, dawa zote. Halafu kakunja karatasi. Kasema, "Babu, nilitaka kitu kimoja tu ambacho hakikutoka kwenye meza yetu ya jikoni. Kimoja tu."

Kaniachia mkate wa mahindi, akaenda.

Sikuula. Mara ya kwanza tangu mazishi ya mama yake Darla.

Jumapili, 16 Machi

Mambo yamegeuka! Tirza kawaandikia watu wa chuo mwenyewe, kawaeleza yote, hata kitumbo. Wamemjibu aje kesho saa tatu asubuhi, azungumze nao uso kwa uso. Asilete karatasi. Asilete mtu. Wanataka kumsikia yeye peke yake.

Peke yake! Mtoto maskini.

Darla kaniapisha nisikanyage huko. Nimeapa nitakuwa hapa nyumbani saa tatu kamili. Na nitakuwepo, maana milango ya chuo hufunguliwa saa moja na nusu. Nitaingia, nitamweleza mkuu wao kwa ufupi, kwa muda wa saa moja hivi, niwe nimeondoka kabla Tirza hajafika. Atashangaa wanavyomjua.

Atakayesema haya nimeyatunga, akamuulize Hoyt Buckner, aliyeniona najaza pikapu mafuta akataka kujua safari ya wapi. Au Bi Nadine. Leo kaniona kanisani nimevaa suti ya mazishi, naijaribu kama bado inanienea. Kaniuliza nani amekufa.

Nikamwambia bado.